Shemeji wa Wodi ya Majeraha ya Moto

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyeacha shughuli zako nyingi kuja kutufungulia jengo hili. Mheshimiwa Mwenyekiti wa bodi pamoja na wajumbe wako. Mganga Mkuu wetu. Madaktari na wauguzi wenzangu. Ndugu zetu wahandisi, mliojibanza kule pembeni kana kwamba mmeitwa kurekebisha taa, wakati leo ni siku yenu. Dada zetu na kaka zetu wa usafi. Ndugu na jamaa wa wagonjwa. Na ninyi wagonjwa wetu mnaotusikia kwa vipaza sauti mkiwa vitandani: nawasalimu nyote, mwenye cheo kwa cheo chake, na asiye na cheo kwa utu wake.

Nimeagizwa niseme kwa kifupi. Naona wauguzi wangu wanacheka, maana wanakijua kifupi changu.

Mimi ndiye muuguzi msimamizi wa wodi ya majeraha ya moto, na nimeombwa nizungumzie mafanikio ya roboti katika huduma zetu. Waliotangulia wamekwisha kutuonyesha michoro na picha nzuri ukutani, na mimi sina cha kuongeza hapo. Nitawasimulia habari za mgonjwa mmoja. Nimemwomba ruhusa, akanipa. Alisema, “Sista, waambie yote, jina langu tu niachie.” Basi jina lake tumwachie. Wodini tulimwita Msusi, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Lakini kwanza niwakumbushe roboti yenyewe ilivyoingia. Wengi wenu mlikuwepo. Ilishushwa kwenye boksi kubwa asubuhi moja, ina kimo cha msichana wa sekondari, nyeupe kama sinki jipya, ina mikono miwili yenye viganja laini, kichwa, macho mawili, na mahali pa mdomo ina mstari tu usiosogea. Miguu haina; chini ina magurudumu. Ilipotusalimia, wodi nzima ilirudi nyuma hatua moja. Muuguzi mmoja, simtaji lakini amekaa mstari wa pili na anajijua, akaninong’oneza, “Sista, ndiyo tumeletewa mbadala wetu.” Na mama yetu wa usafi akaizunguka, akaitazama juu hadi chini, akauliza, “Na huyu likizo yake ni mwezi gani?”

Swali hilo lilikuwa na uzito zaidi kuliko lilivyosikika.

Siku za mwanzo tulikuwa tukisema roboti “imefika”, roboti “imebeba”. Sijui ni lini hasa, lakini baada ya muda tulijikuta tunasema “amefika”, “amebeba”. Hakuna aliyetuamuru. Ulimi wenyewe ulihama. Na aliyeuhamisha, kwa kiasi kikubwa, ni mume wa Msusi. Ngoja niwaeleze.

Msusi aliletwa kwetu mchana, akiwa amefunikwa shuka lenye maji. Mtungi wa gesi ulikuwa umelipuka saluni kwake, alipokuwa akichemsha maji ya kuoshea nywele. Waliomleta walisema moshi wa kwanza ulipotokea, kulikuwa na mteja kwenye kiti, taulo kichwani, karibu na ukuta wa ndani. Msusi alikuwa karibu na mlango. Angeweza kutoka. Alirudi ndani, akamshika yule mteja mabega, akamsukuma mpaka nje. Mteja alitoka mzima kabisa. Moto ukamkuta Msusi peke yake: uso, shingo na mikono yote miwili.

Tulimlaza chumba cha mwisho, chumba cha peke yake, kumkinga na vijidudu. Daktari wa upasuaji alipomwambia kwamba atapona na macho yake yako salama, alishukuru kwa adabu. Kisha akajifunga. Alikataa kuonwa. Kwenye kubadilisha bandeji hakuwa na hiari, kwa hiyo alifumba macho tangu tunaanza mpaka tunamaliza. Baada ya hapo alitaka tutoke wote. Wageni hakutaka hata kuwasikia. Na chakula, ambacho alilazimika kulishwa kwa kuwa mikono yake ilikuwa imefungwa, alikataa kulishwa na yeyote kati yetu.

Nilimuuliza, “Mama, kwani tumekukosea nini?”

Akanijibu, “Hamjanikosea. Mnajitahidi sana na nyuso zenu, sista. Ndicho kinachoniumiza, naona mnavyojitahidi. Mimi kazi yangu yote nimeifanya nikisoma nyuso kwenye kioo. Mteja anasema ‘pamependeza’, uso unaniambia ‘umeniharibu’. Hamwezi kunificha kitu.”

Nilikuwa nimesimama mbele yake nikijitahidi na uso wangu.

Ndugu zangu, mtu aliyeungua anahitaji chakula kuliko mgonjwa mwingine yeyote, kwa sababu kidonda cha moto kinakula kabla ya mwenye kidonda. Msusi asipokula, ngozi haitashika. Tulikuwa tunaelekea kupitisha mpira wa kulishia puani, jambo ambalo kwenye uso ule lingekuwa mateso juu ya mateso. Hapo ndipo mhandisi wetu kijana, aliyekuwa akija kuiangalia roboti betri zake, aliposema kwa kusitasita, “Mnaonaje aingie huyu?”

Mimi sikuamini kwamba ingesaidia. Lakini nilikuwa nimeishiwa. Tukampa bakuli la supu, akaingia, nami nikabaki nyuma ya pazia la mlangoni.

Nikamsikia Msusi akiuliza, “Unaniona?”

Roboti ikajibu, “Ndiyo, nakuona.”

“Nikoje?”

“Una bandeji usoni na shingoni. Jicho la kushoto limevimba zaidi kuliko la kulia. Supu inapoa.”

Kisha nikasikia kijiko kikigonga bakuli.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini alikubali, alisema, “Kile kinasema kilichopo, basi. Hakinihurumii, hakinitii moyo. Nilikuwa nimechoka kutiwa moyo.” Wauguzi wenzangu, neno hilo nimelala nalo siku nyingi, na sijui kama nimelimaliza.

Sasa, nje ya mlango ule kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikuwa akikaa mume wake. Ni fundi bomba. Kila siku alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na begi lake la spana, viatu vina tope, na kila siku jibu lilikuwa lile lile: mkeo hataki kuonana na mtu. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, anakaa, na muda wa wageni ukiisha anaondoka. Siku roboti ilipotoka kwa mara ya kwanza na bakuli mkononi, aliinuka, akaitazama, na kwa kuwa ndiye kiumbe pekee aliyeruhusiwa kwa mkewe, akaipa heshima ya ndugu wa mke.

“Shemeji,” akasema, “amekula?”

“Amekula nusu.”

“Nusu ya juu au nusu ya chini? Maana nyama inakaa chini.”

“Sijaelewa swali.”

Ukumbi mzima wa kusubiria ulicheka, hata waliokuwa wakisubiri habari mbaya. Tangu siku hiyo jina likamganda, na ndiyo maana nasema ulimi ulihama: shemeji hawezi kuwa “ile”.

Ikawa ndiyo desturi. Shemeji anaingia, analisha, anatoka. Mume anauliza, Shemeji anajibu. Ndani nako Msusi anauliza, “Nje kuna nani?” na Shemeji anamtajia. Ngozi ilipandikizwa, ikashika. Uzito ukaanza kurudi. Madaktari walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mmoja wao aliniambia, “Anapona, sista. Mambo yakienda vizuri usiyaguse.”

Lakini mimi nilikuwa nikijiuliza, na nawauliza na ninyi: mgonjwa huyu tutamruhusu aende nyumbani kwa nani? Shemeji ni mali ya hospitali. Kwao atafunguliwa mlango na mume, mtu mwenye uso, na uso huo hajautazama tangu siku ya moto.

Alasiri moja yule mume alinivuta kando, karibu na sinki la ukumbini. Aliongea kwa sauti ya chini.

“Sista, Shemeji ana kamera machoni.”

“Anayo.”

“Na fundi wake ana skrini kule ofisini.”

“Anayo.”

“Basi nimwone. Mara moja tu. Hatajua, hataumia.”

Mheshimiwa mgeni rasmi, nilimtazama mtu yule na tope lake viatuni, na moyo wangu ulitaka kumpa. Nikamwita mhandisi. Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu leo mtasikia sifa nyingi za mashine hizi, ila mimi sifa yangu kubwa naitoa kwa kijana yule. Alisikiliza, akakuna kichwa, akasema, “Naweza kuifungua sasa hivi. Ni kubonyeza tu, haichukui hata dakika. Kwa sababu ni rahisi namna hiyo, mimi sibonyezi.”

Nami nikamwambia mume, “Baba, mkeo alimruhusu Shemeji kwa sababu nyuma ya macho yale hakuna mtu. Tukikaa sisi nyuma yake, tutakuwa tumeingia chumbani kwake bila hodi.”

Alikasirika. Simlaumu. Alisema kwa sauti iliyofika mpaka ngazini, “Mashine imwone mke wangu, mimi nisimwone!” Akabeba begi lake, akaondoka. Kesho yake hakuja.

Jambo tulilolisahau, sisi wenye akili zetu, ni kwamba Shemeji alikuwa pale pale karibu na sinki, kwenye chaji. Na masikio yake hayalali.

Siku hiyo ambayo mume hakuja, nilikuwa chumbani kwa Msusi nikiangalia dripu. Shemeji akaingia na chakula. Msusi akauliza kama kawaida yake, “Nje kuna nani?”

“Hakuna mtu.”

“Mume wangu je?”

“Hajafika. Jana aliomba kukuona kupitia kamera yangu bila wewe kujua. Muuguzi alikataa. Mhandisi alikataa. Mume wako aliondoka akiwa amepaza sauti.”

Kama sakafu ingefunguka, ningeshukuru. Msusi akageuza kichwa polepole, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu aletwe. “Ni kweli, sista?”

“Ni kweli.”

Akamwambia Shemeji, “Na wewe toka.” Siku ile hakula kabisa.

Tuliketi kikao, na kikao kilikuwa na moto wake. Wengine walitaka roboti iondolewe wodini siku hiyo hiyo. Mhandisi aliinama, akasema maneno ambayo nadhani yanawahusu wote mnaotengeneza vitu hivi: “Tuliifundisha isiseme uongo. Hatukukumbuka kuifundisha kunyamaza.”

Siku iliyofuata mume alirudi. Alikuwa amenyoa ndevu na amevaa shati lililopigwa pasi. Nilimwambia kwamba mkewe anajua yote. Akajishika uso kwa mikono miwili, akakaa benchini. Mara kengele ya chumba cha mwisho ikalia, na taa iliyowaka ilikuwa ya kumwita Shemeji. Akaingia. Akatoka mikono mitupu, akasimama mbele ya yule bwana, watu wote wakitazama.

“Nimetumwa. Anauliza: ulitaka kuchungulia nini?”

Fundi bomba akasimama. Alisimama mbele ya roboti ile kama mtu aliyesimama mbele ya wakwe zake.

“Mwambie...” Akalinyoosha shati lake. “Mwambie nilitaka nizoee kwanza. Yeye anasoma nyuso. Ningeingia nikashtuka, angeuona mshtuko wangu, na asingeusahau mpaka tunazeeka. Mwambie sikuwa naogopa uso wake. Nilikuwa naogopa uso wangu.”

Shemeji akageuka, akaingia. Mimi nikamfuata mpaka kwenye pazia. Akayasema yote kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka: “Anasema alitaka azoee kwanza. Anasema wewe unasoma nyuso.” Mpaka mwisho. “Anasema hakuwa anaogopa uso wako. Alikuwa anaogopa uso wake.”

Sijawahi kusikia maneno mazito yakisemwa kikavu namna ile. Na labda ndiyo maana yalifika. Hayakuwa na kitu cha kumvutia wala cha kumbembeleza.

Msusi akageuza kichwa kuelekea mlangoni. Kisha akasema, “Toka, Shemeji. Mwambie aje ayaseme mwenyewe.”

“Nibaki kwa ajili ya supu?”

“Toka na supu yako!”

Tukamnawisha mume mikono, tukamvisha gauni na barakoa. Akaingia, akasimama karibu na dirisha nilipomwelekeza. Msusi akaniambia, “Sista, mvue barakoa.” Ngozi ilikuwa imeshashika, na umbali ulitosha. Nikakubali.

Bandeji ya uso ilikuwa imetolewa wiki ile. Mume alimtazama mkewe, na mabega yake yakaruka. Niliona kwa macho yangu. Hakuweza kujizuia, na hakuna binadamu ambaye angeweza.

“Umeshtuka,” Msusi akasema.

“Nimeshtuka.”

“Sana?”

“Sana, mke wangu.”

“Na sasa?”

Alimtazama tena, kwa utulivu, jinsi nadhani anavyotazama bomba kabla hajasema tatizo liko wapi. “Sasa naona umekonda. Hawa kila siku wanakulisha nusu.”

Msusi akacheka. Ndugu zangu, ngozi iliyopandikizwa haitaki kicheko, inavuta, inauma. Alicheka huku anasema “aii, aii”, na machozi yanamtoka, na mimi nikawa nawagombeza wote wawili, “Acheni! Mtaniharibia kazi ya daktari!” nami mwenyewe pua inanichuruzika. Kuanzia siku hiyo mlishaji alikuwa mume. Alikuwa akimwaga supu hovyo kuliko Shemeji, lakini bakuli lilirudi tupu.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa, Mheshimiwa, ndani ya jengo hili unalotufungulia kuna mashine kadhaa za aina ile, na zote zimebadilika kwa sababu ya Msusi. Ukiingia vyumbani utaona kando ya kila kitanda kitufe chekundu. Mgonjwa akikibonyeza, roboti inafumba macho, na hakuna ofisi yoyote inayoweza kuyafumbua isipokuwa mgonjwa mwenyewe. Zinabisha hodi kabla ya kuingia. Na zikisikia jambo ukumbini, hazilibebi kwenda chumbani mpaka mwenye jambo awe amezituma. Naiomba bodi, kwa unyenyekevu wote, kitufe hicho kisije kikaondolewa siku moja kwa sababu eti kinasumbua.

Ombi jingine nitalisema kwa njia ya pongezi. Naipongeza bodi yetu kwa busara ambayo naijua, busara ambayo kamwe haitaruhusu ule uvumi unaozunguka, kwamba wauguzi wapunguzwe kwa kuwa mashine zimeongezeka, ufike hata kwenye meza yake. Shemeji anabeba mashuka, anasukuma vitanda, analisha, anainua wagonjwa wazito waliokuwa wakituvunja migongo. Mungu amjalie betri. Kwa kubeba kwake, wauguzi wangu wamepata muda wa kuketi na mgonjwa, jambo tulilokuwa tukilisoma vyuoni tu. Mkiuchukua muda huo, mtakuwa mmetuletea toroli lenye macho. Mkituachia, mtakuwa mmetuletea msaada. Naona makofi yanatoka upande wa wauguzi peke yao. Nitasubiri upande huu nao.

Asanteni. Mheshimiwa Mwenyekiti nimekuona umepiga, na vipaza sauti vimesikia.

Msusi alikwenda nyumbani. Sitawadanganya kwamba kila kitu kilirudi kama zamani. Makovu yapo na yataendelea kuwepo. Vidole vyake viwili havikunjiki vizuri, kwa hiyo kusuka anasuka polepole, na wapo wateja waliohama kwa sababu hawakujua waangalie wapi. Siku ya kwanza kufungua saluni alikaa mpaka mchana hakuja mtu, akataka kufunga. Mumewe akaingia, akakaa kwenye kiti, akasema nyoa. Alikuwa hana nywele za kunyoa, lakini alinyolewa.

Nilimwalika leo. Nilitaka akae pale mbele, mumwone. Nilipompigia simu aliniuliza, “Ni siku gani hiyo?” Nikamwambia Jumamosi.

Akanicheka. “Sista,” akasema, “tangu lini msusi anaacha kiti chake Jumamosi? Nina watu mpaka mlangoni.”

Ndiyo maana hayupo, na kutokuwepo kwake ndiyo taarifa yangu ya mafanikio. Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu mpaka neno hili la mwisho. Karibuni ndani.